Je, Wajua? Sarafu ya 1299, Stempu Isiyo na Nchi na Kanga ya Abdulla

JE, WAJUA kwamba Discogs, tovuti inayoorodhesha sahani za santuri za dunia nzima, ilianzia kabatini? Mwaka 2000 Kevin Lewandowski, mwandishi wa programu wa Marekani, aliiendesha kwa kompyuta aliyoiweka kwenye kabati la nyumbani. Mwanzoni ilipokea muziki wa kielektroniki tu. Taarabu ingegonga hodi ikaambiwa isubiri.

JE, WAJUA kwamba wimbo uleule ukichapwa Nairobi, kisha London, mkusanyaji anahesabu vitu viwili? Katika Discogs kila toleo hupewa ukurasa wake, halafu yote hufungwa chini ya kichwa kimoja. Mara nyingi ushahidi wa kutofautisha matoleo ni namba ndogo zilizochorwa karibu na kibandiko cha katikati, pale mifereji ya sauti inapokoma.

JE, WAJUA kwamba pesa ya shaba ya Sultani Barghash wa Zanzibar imeandikwa mwaka 1299? Ni mwaka wa Hijria, sawa na 1882 hivi. Kompyuta haijui hilo. Ukiijazia 1299 kwenye orodha ya sarafu bila maelezo, sarafu itazeeka karibu miaka 600 kufumba na kufumbua. Ndiyo maana orodha iliyotengenezwa na mtu anayezijua sarafu huwa na nafasi mbili: mwaka ulioandikwa na mwaka wa Miladia. Sarafu za shaba za Kilwa ya kale ndizo kiboko: hazina mwaka wowote, ila jina la sultani na maneno ya kumtukuza Mungu, upande mmoja ukipokezana vina na wa pili. Mfumo wa kompyuta unaokataa kuhifadhi mpaka ujaze mwaka unamfundisha mtu kudanganya. Tenganisha pia mahali sarafu ilipotengenezwa na ilipookotwa, kwani mwaka 1944 sarafu tano za Kilwa ziliokotwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia!

JE, WAJUA kwamba Uingereza, iliyotoa stempu ya kwanza ya kubandika mwaka 1840, mpaka leo haiandiki jina la nchi kwenye stempu zake? Huweka sura ya mfalme au malkia, basi. Huku kwetu mambo yalikuwa kinyume: tangu 1935 stempu moja ilibeba majina ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa hiyo nafasi ya “nchi” katika orodha ya stempu lazima ikubali tatu, na ikubali sifuri.

JE, WAJUA kwamba vitabu vilivyochapwa kabla ya 1967 havina ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu? Matoleo ya kwanza ya vitabu vya mwandishi Shaaban Robert vilivyotoka kabla hajafariki 1962 hayana namba hiyo. Namba yenyewe iliongezwa kutoka tarakimu 10 hadi 13 mwaka 2007.

JE, WAJUA kwamba jina la kanga halitoshi kuitambulisha? Jina moja hutokea kwenye michoro mingi, na mchoro mmoja hubeba majina mbalimbali. Kitambulisho bora kiko ukingoni, kwa herufi ndogo: “K.H.E. Mali ya Abdulla”, kwa mfano, ni alama ya Kaderdina Hajee Essak, wafanyabiashara wa Mombasa tangu 1887. Wenye kanga, pigeni picha ukingo huo kabla fundi hajaukunja pindo.