Kitindamlo cha Komunyo ya Kwanza kwa Shilingi Elfu Thelathini na Tano

Mwezi Juni mwaka jana nilikuwa likizo nyumbani, nikisaidia mafundisho ya Komunyo ya Kwanza kigangoni kwetu. Zikiwa zimebaki wiki mbili, mama mmoja wa jumuiya yetu alinisubiri nje ya kanisa baada ya Misa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Frateli."

"Milele amina, mama."

"Frateli, huyu mwanangu nadhani asubiri mwakani."

Nilidhani mtoto amekwama kwenye sala. Kumbe sala anazijua zote, hata ile ya kutubu ambayo wenzake wengi waliichanganya. Kilichokosekana ni keki. Wenzake wawili wa mtaa ule ule walikuwa wameagiziwa keki za ghorofa mbili, bei yake laki na nusu kila moja, na mama huyu alikuwa na elfu arobaini za kumalizia shughuli nzima baada ya kununua gauni na viatu. Wali na maharage jumuiya ingechangia. Ila wageni thelathini waondoke bila kuonja kitu kitamu, na mtoto asiwe na cha kukata mbele yao, hilo aliliona ni aibu kubwa kuliko kuahirisha Sakramenti.

Ningeweza kumwambia kwamba Ekaristi haitegemei keki. Analijua hilo kuliko mimi, kwa kuwa ndiye anayewafundisha watoto wa chekechea kigangoni. Nikamwambia kwamba kwa hela ile tunaweza kupika kitindamlo ambacho wageni watauliza kimenunuliwa wapi. Nilisema kwa ujasiri kidogo kuliko uwezo niliokuwa nao, lakini Sista anayesimamia jiko la seminari alikuwa amenifundisha mambo mawili vizuri: vikombe vya tabaka na pudini ya karameli. Ndiyo tuliyopika, na ndiyo ninayotaka kuwaeleza wasomaji. Wamama wa jumuiya watanisahihisha penye makosa. Mafrateli wenzangu nao wasome, maana nyumba nyingi za mapadre tutakazopangiwa hazina mpishi, na wageni huwa hawapigi hodi kwa ratiba.

Kwanza matumizi, kwa bei za sokoni kwetu siku ile. Maziwa lita 4, shilingi 8,000. Konaflawa pakiti mbili, 4,000. Sukari kilo moja, 3,000. Papai kubwa mawili, 4,000. Pasheni kilo moja, 4,000. Mayai manane, 3,200. Biskuti za kawaida, 3,000. Vikombe thelathini vya plastiki vinavyoonyesha ndani, 3,000. Kashata za karanga, 1,000. Iliki na vanila, 1,500. Jumla 34,700. Mkaa ulikuwepo nyumbani. Kwako bei zitatofautiana, lakini utaona kwamba hakuna kitu hapo kinachohitaji kwenda duka la mjini.

Vikombe vya tabaka vinapendeza kwa sababu ya rangi, na hapo ndipo mimi nilipokosea siku ya majaribio. Nilitumia unga wa kastadi, ambao ni wa njano, nikauweka juu ya papai na kumwagia pasheni. Vyote vikawa njano. Mama alitazama kikombe akasema kwa upole, "Kama uji wa mgonjwa." Kweli. Siku ya pili tukaacha kastadi tukatumia konaflawa, ule unga laini mweupe wa wanga wa mahindi, ambao hautoi rangi yoyote ukipikwa kwa maziwa. Papai la rangi ya machungwa chini, maziwa meupe katikati, pasheni yenye mbegu nyeusi juu: hapo kikombe kikawa na sura. Usijaribu kuweka sembe badala ya konaflawa. Utapata uji, tena wenye chenga.

Kwa lita moja ya maziwa chukua vijiko 8 vya mezani vya konaflawa vilivyosawazishwa na vijiko 6 vya sukari. Toa kikombe kimoja cha maziwa yakiwa baridi, koroga konaflawa humo mpaka isibaki donge. Hatua hii isirukwe. Wanga ukikutana na maziwa ya moto ukiwa mkavu, punje za nje huvimba na kunata mara moja, zikafungia unga mkavu ndani, na donge hilo halivunjiki hata ulipige mwiko namna gani. Maziwa mengine yachemshe na sukari, kisha mimina ule mchanganyiko taratibu huku mkono mwingine ukikoroga, na uendelee kukoroga kwa dakika mbili baada ya kuanza kutokota. Zile dakika mbili ndizo zinazoondoa ladha ya unga mbichi. Epua, tia vanila. Kwa wageni thelathini tulipika lita tatu, kila mtu akapata kama mililita mia moja, na inatosha kwa kuwa kuna matunda na biskuti.

Papai tulilikata vipande vidogo tukalipika na sukari kidogo na maji ya ndimu kwa dakika kumi hivi. Watu waliuliza kwa nini tunapika tunda lililoiva. Papai bichi, na nanasi bichi, yana kimeng'enya kinachovunja protini. Ndiyo maana mama zetu hufunga nyama ngumu kwenye jani la mpapai. Kimeng'enya hicho kikikaa na maziwa kwa saa kadhaa huyafanya kuwa machungu. Kwenye jeli ya pakiti, ile inayotengenezwa kwa jelatini, nanasi bichi huizuia isigande kabisa, na nimeona dada zangu wakiilaumu friji bure. Moto unaua kimeng'enya hicho. Chemsha nanasi kwanza, halafu fanya nalo upendalo. Embe hatukutumia, kwa kuwa Juni si msimu wake.

Kupanga: biskuti zilizopondwa chini, vijiko viwili. Papai lililopoa juu yake. Kisha maziwa yakiwa vuguvugu, si ya moto, la sivyo yatatumbukia ndani ya papai na tabaka zitachanganyika. Usimimine kutoka kwenye sufuria. Weka kwenye mfuko safi wa plastiki, ukate kona ndogo, ukamue polepole ukianzia katikati, ndipo ukingo wa kikombe hautachafuka. Kikichafuka, futa kwa kitambaa chenye unyevu kabla hakijakauka. Jambo hili dogo ndilo linalotenganisha kitu kilichopikwa nyumbani na kitu kinachoonekana kimeagizwa. Jingine ni kuvijaza vikombe vyote kimo kimoja, na kuacha nafasi ya kidole kimoja juu. Kikombe kilichojaa mpaka pomoni hakipendezi hata kikiwa kitamu. Pasheni tulizikamua, tukachemsha maji yake na sukari mpaka yakawa mazito kidogo, tukarudisha mbegu chache tu. Kijiko kimoja juu ya kila kikombe. Kashata tukazitwanga kwenye kinu, lakini hizo tulizinyunyiza wakati wa kugawa, kwa sababu sukari yake huvuta unyevu na baada ya saa moja haivunjiki tena mdomoni.

Pudini ya karameli ndiyo iliyochukua nafasi ya keki, na inahitaji utulivu zaidi. Asili yake ni maziwa, mayai na sukari tu. Ninaipenda kwa sababu imepita mikononi mwa watawa. Huko Ureno nyumba za kitawa zilijulikana kwa vitamu vya viini vya mayai, na inasemwa kwamba ute ulitumika kunyoosha mavazi ya watawa yakae wima kama yametiwa wanga, ndipo viini vikabaki vingi jikoni. Wamonaki wa Mtakatifu Yeronimo pale Belém, Lisbon, walikuwa na vitobosha vyao vya kastadi. Mashirika ya kitawa yalipofungwa na serikali mwaka 1834, mapishi yale yalianza kuuzwa nje, na tangu 1837 duka la jirani na monasteri ile linauza vitobosha hivyo hadi leo. Hata Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, sura ya 39, inayopanga kiasi cha chakula cha wamonaki, inaruhusu sahani ya tatu ya matunda au mboga changa zikipatikana, juu ya zile mbili zilizopikwa. Ninaitaja kwa ajili ya wale frateli wanaodhani kitamu baada ya mlo ni uasi dhidi ya ufukara.

Turudi jikoni. Karameli: vijiko 12 vya sukari na vijiko 4 vya maji kwenye sufuria nzito ndogo, moto wa wastani. Usikoroge ikishaanza kuchemka, itisukesuke sufuria tu. Itakuwa njano, kisha ya dhahabu, kisha rangi ya chai ya rangi. Hapo epua haraka, maana kutoka chai ya rangi hadi chungu iliyoungua ni nusu dakika. Mimina kwenye bakuli la bati au la chuma lenye kina, uizungushe ifunike chini yote. Ni moto kuliko maji yanayochemka, kwa hiyo watoto wakae mbali. Sufuria iliyobaki na sukari ngumu iloweke kwa maji ya moto, usiikwangue.

Mayai 8 yavunje, uyachape polepole kwa uma bila kutoa povu. Pasha moto lita moja ya maziwa na vijiko 12 vya sukari na iliki iliyosagwa, yawe vuguvugu, yasichemke. Mimina maziwa juu ya mayai huku ukikoroga, chuja kwa chujio la chai, mimina kwenye bakuli lenye karameli.

Sasa mvuke. Chini ya sufuria kubwa tandika kitambaa kilichokunjwa, ili bakuli lisigusane na chuma. Weka bakuli, mimina maji ya moto yafike nusu ya kimo chake. Funika kwa mfuniko uliofungwa kwa taulo safi, ili matone ya mvuke yasidondoke juu ya pudini yakaitoboa. Kisha punguza mkaa. Nasema tena, punguza mkaa: ondoa nusu yake, acha maji yatetemeke tu. Protini za mayai zikipata joto la kutosha hushikana taratibu na kubana maziwa ndani yake. Zikipata joto kali hukaza ghafla, zikakamua maji, na ukiikata pudini utaona matundu kama sponji. Ya kwanza tuliyojaribu ilikuwa hivyo, kwa sababu mimi nilikuwa na haraka. Tuliila wenyewe. Ya pili ilichukua saa moja na robo. Iko tayari kisu kikitoka safi kando ya bakuli huku katikati pakitikisika kidogo, kama shavu la mtoto mnene. Itaendelea kushika ikipoa.

Hapa kuna jambo ambalo ni zito kuliko urembo. Maziwa na mayai yaliyopikwa hayakai juani. Ukishapika, kaa saa mbili nje kwa upeo, na kwenye joto la Pwani ni saa moja tu, kisha yawe kwenye baridi. Mama yule hana friji. Tulipoza sufuria kwanza kwenye beseni la maji ya kisima, tukibadilisha maji mara tatu, tukaomba nafasi kwenye friji ya jirani anayeuza soda, ambaye alituachia rafu mbili kwa sharti la vikombe vitatu. Kama huna jirani wa namna hiyo, acha mambo ya maziwa na mayai. Pika mkate wa kumimina: mchele uliolowekwa usiku kucha, usagwe na tui zito, hamira, sukari na iliki, uachwe uumuke mpaka utoe mapovu, umiminwe kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kupalizwa moto juu na chini. Ukikatwa vipande vya umbo la almasi na kupangwa kwenye sinia jeupe unapendeza, na hauogopi safari ya kutoka jikoni hadi kwenye turubai. Sherehe ikiwa ya watu mia mbili ningeupika huo hata kama friji ingekuwepo.

Ratiba yetu ilikuwa hivi. Ijumaa jioni, biskuti zikapondwa na vikombe vikaoshwa. Jumamosi saa nane mchana, papai na pasheni. Saa kumi, pudini. Saa kumi na mbili jioni, maziwa na kupanga vikombe. Vyote vikalala kwenye baridi. Dominika baada ya Misa, wageni walipokuwa kwenye wali, ndipo vilipotolewa.

Pudini tuliigeuza pale pale mezani. Pitisha kisu pembeni, chovya tako la bakuli kwenye maji ya moto kwa kuhesabu hadi kumi, funika kwa sinia pana lenye ukingo, kwa kuwa karameli itamwagika, kisha geuza kwa mkupuo mmoja bila kusita. Mama aliniambia nigeuze mimi. Nilimwambia ageuze yeye. Ikashuka nzima, inang'aa, karameli ikitiririka pembeni, na watu wakanyamaza kidogo kabla ya vigelegele. Mtoto aliikata akiwa na gauni lake jeupe, na mama akashika sinia kwa mkono mmoja na leso kwa mkono wa pili, akikinga gauni lisipate doa.

Katekista wetu alikula vikombe viwili. Cha pili kilikuwa cha jirani wa friji, ambaye alichelewa.