IELTS: Dakika 14 za kuzungumza zisikutie hofu

Mfanyabiashara anayevuka Namanga au Busia kila wiki hupatana bei kwa lugha mbili tatu bila kutetereka. Lakini mketishe mbele ya mtahini wa IELTS, mtihani wa Kiingereza wanaoufanya wengi wanaoomba kusoma au kuhamia Uingereza na Kanada, ulimi unakuwa mzito.

Sehemu ya kuzungumza huchukua dakika 11 hadi 14. Huanza na maswali mepesi kuhusu kwenu, kazi na mambo unayoyapenda. Kisha unapewa kadi yenye mada. Una dakika 1 ya kujiandaa, halafu unazungumza peke yako hadi dakika 2. Hapa ndipo wengi hukwama, maneno yamekwisha na muda bado upo. Dawa unayo mfukoni: simu. Jirekodi ukisimulia, tuseme, siku mzigo ulipochelewa mpakani: lini, ulikuwa na nani, mliutoaje. Jisikilize, rudia. Mwisho ni mjadala mpana unaotokana na mada ileile.

Usikariri majibu mazima. Mtahini huyatambua upesi, na ada ya mtihani si pesa ya kuchezea. Anapima mambo manne kwa uzito sawa: mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi. Lafudhi ya Kisukuma au Kiganda si kosa, mradi unaeleweka. Usiposikia swali, omba lirudiwe.

Matokeo kwa kawaida hukubalika kwa miaka 2, basi usikimbilie kulipia kabla safari yenyewe haijaiva.