Vipande vya Chuma Ndani ya Oili: Usiiwashe Injini Kabla ya Kujua Vilikotoka



Wengi wenu hubadilisha oili ya gari au pikipiki nyumbani. Hakuna kosa katika hilo; ni kazi aiwezayo mtu mwangalifu, nayo huokoa fedha. Hata hivyo, hutokea siku oili chafu ikamiminika katika beseni na pamoja nayo kikadondoka kipande cha chuma kilichovunjika. Mwenye chombo hukigeuzageuza, hukitupa, hutia oili mpya, na injini huwaka kama kawaida. Hujiambia kwamba mambo ni shwari, kumbe oili mpya imepunguza mlio tu.

Si kila chuma ni dalili ya maafa. Tope jembamba la kijivu kwenye sumaku ya nati ya kumwagia oili, laini kama masizi, ni uchakavu wa kawaida, hasa kwa injini mpya au iliyofunguliwa karibuni. Kinachopasa kukushtua ni kile kionekanacho wazi kwa macho. Chembe zenye rangi ya shaba mara nyingi hutoka katika beringi za kranki. Vipande vyeupe, vyepesi, visivyovutwa na sumaku, huenda ni vya pistoni. Kipande kigumu kinachovutwa na sumaku, chenye ukingo uliokatika, chaweza kuwa ringi au jino la gia. Katika magari yenye cheni ya taimingi, vipande vya plastiki huashiria kuvunjika kwa viongozo vya cheni hiyo.

Wenye bodaboda wana sababu zaidi ya kuwa makini. Katika pikipiki nyingi za hapa kwetu, oili ile ile, isiyozidi sana lita moja, hulainisha injini, klachi na gia. Jino la gia likikatika huzunguka humo humo, na likinaswa kati ya gia mbili, gurudumu la nyuma hukaza ghafla mwendoni. Injini yenyewe ikikaza, dereva aliyewahi kubana klachi huweza kuliachia gurudumu. Gia zikikaza, klachi haimsaidii. Abiria aliyempakata mtoto hana hata nafasi ya kuruka.

Kwa gari, kondrodi ikivunjika hutoboa ukuta wa injini na oili humwagika barabarani. Injini ikizimika mteremkoni, usukani huwa mzito, na breki nazo hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache. Tena kumbuka njia yenyewe. Kutoka Kasese kwenda Bwera unapita Kikorongo, katika eneo la Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, ambako tembo huvuka barabara. Gari lililokwama humo usiku, bila taa wala pembetatu za tahadhari, ni mtego kwa malori yaendayo Mpondwe. Matawi ya miti hayaakisi mwanga. Ukikwama, weka pembetatu, usitangetange porini, na upige 999 au 112.

Basi ukikuta kipande, usiiwashe injini, hata kwa kusikiliza tu. Chuja oili yote kwa kitambaa safi, ukivaa glavu, kwa kuwa chuma hicho hukata. Weka kila kipande katika kopo, kipige picha, na uandike kilomita zilizosomeka siku hiyo. Fundi afungue sampu na kuikata filta, kisha atafute kilipovunjikia. Vipande viunganishwe mpaka kifaa kikamilike, kwani kinachokosekana bado kimo ndani. Waulize pia waliowahi kuifungua injini hiyo: wakati mwingine kipande ni mabaki ya ajali ya zamani, yaliyoachwa na fundi mvivu, na chombo chenyewe ni kizima. Nawaomba msikimbilie kumshutumu fundi wa mwisho.

Mzozo juu ya kazi mbaya au malipo ni madai. Mpelekeeni mwenyekiti wa LC1 au mahakama, si polisi. Fundi aliyeng'oa kifaa kizima na kukiuza bila idhini yako, huyo ni mwizi, na hapo njooni kituoni pamoja na kopo lenu, picha na risiti.

Injini ikishindikana kabisa, kishawishi huwa kununua nyingine iliyotumika, na upande wa Kasindi hazikosekani. Injini ina namba, na namba hiyo imo katika kadi ya usajili. Ukinunua isiyo na risiti, isiyopitishwa forodhani, au iliyosuguliwa namba, waweza kujikuta ukiulizwa kuhusu pikipiki ya mtu usiyemjua, na kupokea mali ya wizi ni jinai. Dai risiti yenye namba ya injini na jina la muuzaji, kisha usajili mabadiliko hayo kabla ya kuingia barabarani.

Oili chafu nayo isimwagwe mtaroni. Mto Lhubiriha ndio mpaka wetu, na ng'ambo zote mbili kuna watu wanaochota maji yake. Itie katika dumu, uifunge, na uipeleke gereji inayoikusanya.