KUONJA KAHAWA YA MIBUNI MIKONGWE YA UPARE

Mwanachama anapofikisha kahawa yake chamani, katibu huipima kwa mizani, hutazama rangi ya ganda, huuma punje moja kujua kama imekauka, kisha huandika stakabadhi. Kazi hiyo yote ni ya lazima, lakini haielezi kahawa hiyo ina ladha gani. Hata daraja la AA, ambalo wengi hulisifu, ni kipimo cha ukubwa wa punje tu. Ladha huamuliwa katika chumba cha waonjaji huko Moshi, na huamuliwa kwa ulimi.

Sampuli hukaangwa kidogo na kusagwa. Hutayarishwa vikombe kadhaa vya sampuli ile ile, kwa kawaida vitano, ili punje moja mbovu isipate pa kujificha. Kila kikombe hutiwa takriban gramu 8 za unga kwa mililita 150 za maji yaliyotoka kuchemka punde. Baada ya dakika 4 mwonjaji huvunja kwa kijiko utando uliojitanda juu, pua yake ikiwa karibu kabisa na kikombe. Kahawa ikipoa kiasi huivuta mdomoni kwa kishindo, mithili ya mtu anywaye uji wa moto, ili ienee ulimi mzima na harufu ipande puani, kisha huitema. Anachotafuta ni harufu, ukali mtamu kama wa chungwa, uzito mdomoni, na ladha inayobaki baada ya kutema. Wapare si wageni wa kazi hii: penye sherehe, wazee hujua kwa funda moja dengelua ipi imeiva na ipi imeharakishwa. Ajabu ni kwamba wakulima wengi hawajapata kuionja kahawa yao wenyewe.

Kusini mwa Ufaransa na huko Hispania iko mizabibu ya aina ya Grenache iliyopita miaka mia moja. Huzaa matunda machache, lakini wakulima wadogo huyatenga, huyasindika peke yake, na mvinyo wake huuzwa kwa jina la shamba. Swali la haki ni kama mibuni mikongwe iliyosalia katika milima ya Upare yaweza kupewa heshima ya namna hiyo.

Yaweza, lakini sababu yenyewe ifahamike vizuri. Mbuni hukatwa shina na kuchipuza upya. Hivyo mti wa miaka hamsini huzaa juu ya matawi ya miaka michache, na uzee umebaki shinani chini na mizizini. Ladha yatokana zaidi na aina ya mbegu na mwinuko wa shamba. Mibuni ya zamani aghalabu ni ya ukoo wa Bourbon au wa Kent, kama vile N39 na KP423 zilizochaguliwa Lyamungu. Katika baridi ya mlimani, chini ya kivuli cha migomba, matunda yake huiva polepole, na punje hupata muda wa kujaa. Udhaifu wake ni chulebuni na kutu ya majani, ambayo humlazimu mkulima kununua dawa. Kwa sababu hiyo aina mpya zinazostahimili magonjwa hayo, zilizoanza kutolewa mwaka 2005, zimepandwa mahali pengi, na anayezipanda hastahili lawama.

Hasara kubwa hutokea ghalani. Mkulima mmoja akichuma mbivu tupu, akamenya siku ile ile, akaosha kwa maji safi ya ndiva, na jirani yake akaacha kahawa ivundike kupita kiasi, mizigo yao ikichanganywa mwonjaji atakutana na uvundo tu. Bei hushuka kwa wote wawili, na aliyefanya vizuri hajui kamwe kwamba alifanya vizuri.

Kutenga mzigo mdogo si rahisi. Gunia la kilo 60 za kahawa safi lahitaji takriban kilo 75 za kahawa ya ganda, na kiwanda hakikoboi kikapu kimoja peke yake. Wenye mibuni ya aina moja katika kijiji kimoja wanaweza kuunganisha mazao yao, mradi wakubaliane siku za kuchuma na saa za kuvundika, na katibu awafungulie ukurasa wao katika daftari. Kabla ya hapo ipelekwe sampuli ionjwe, kwani si kila mti mkongwe una ladha njema, na ni afadhali kujua kabla ya kung'oa au kuacha.

Sampuli hiyo iwekwe katika mfuko mpya. Kahawa hunywa harufu ya chochote kilicho jirani yake. Mfuko uliobeba tangawizi ya Mamba, hata ukifuliwa mara tatu, mwonjaji ataikuta tangawizi hiyo kikombeni.