Unganisha Folda na Kontena, Lakini Chunga Kazi Yako

Unajenga ukurasa wa malipo ndani ya Docker, na kila ukibadilisha neno moja inabidi uunde imeji upya? Inachosha, tunajua. Dawa ni kuunganisha folda ya kompyuta yako na kontena. Kwenye amri ya docker run, ongeza hivi:

-v "$PWD/msimbo":/app/msimbo

Ukihifadhi faili, kontena inaiona papo hapo.

Sasa chunga: mlango huu uko wazi pande zote mbili. Sisi tuliwahi kuendesha skripti ya kufuta faili za majaribio ndani ya kontena. Kumbe ilikuwa inafuta folda yetu yenyewe! Kazi ya siku mbili ikaenda hivyo tu.

Siku hizi tunamalizia na :ro, yaani /app/msimbo:ro. Kontena inasoma, haiandiki wala kufuta, na wewe unaendelea kuhariri kwenye kompyuta kama kawaida.

Lakini kumbuka, :ro haifichi siri. Kontena bado inasoma kila kilichomo. Kwa hivyo usiweke humo funguo za akaunti yenye pesa halisi. Majaribio yana funguo zake.