Je, Wajua? Bibi akisema “nimeshiba” baada ya vijiko viwili

Huenda hadeki. Uzeeni tumbo huchelewa kuondoa chakula, pua na ulimi hupoteza makali, meno hupungua, na baadhi ya dawa hukata hamu ya kula. Mwili ukikosa protini ya kutosha huanza kuitafuna misuli yake wenyewe.

Kuisha misuli kwa uzee kuliitwa sakopenia na daktari Mmarekani Irwin Rosenberg mwaka 1989, kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya “upungufu wa nyama”. Kitanda nacho ni adui: siku 10 tu za kulala zinaweza kumwondolea mzee mwenye afya karibu kilo nzima ya nyama ya miguu.

Hata hivyo, misuli ya mzee bado hufundishika. Mwaka 1990 watafiti wa Boston walieleza jinsi wazee wa miaka 90 hivi walivyofanya mazoezi ya uzito kwa wiki 8. Nguvu zao za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Ndiyo, 174!

Lakini misuli huhitaji protini; chai ya rangi na andazi, basi, havimtoshi bibi. Uji wake utie maziwa au karanga zilizosagwa. Mpe yai, dagaa au maharage laini, kidogo kidogo, mara nyingi. Nguo zikianza kumpwaya, mpeleke kituo cha afya.