UZI: Wakili wa bure ni wa nani?

Kila mjadala wa haki ukianza kwa redio, lazima mtu aseme, "Katiba imetupa wakili wa bure." Hapana wasee, tusome vizuri.

Kifungu cha 50(2)(h) cha Katiba ya 2010 kinamlinda mshtakiwa, yaani mtu wa kesi ya jinai. Na hata yeye anapewa wakili wa serikali pale tu ambapo bila wakili angedhulumika sana. Ukishtakiwa wizi wa ng'ombe Sotik, unaweza kupata. Ukinyang'anywa shamba Sotik, jipange.

Mjomba wangu alichuna chai miaka mingi kwa shamba moja kubwa huku kwetu. Mashine za kuchuna zilipokuja, yeye na wenzake wakaambiwa waende nyumbani. Pesa za kuachishwa kazi? "Subiri, zinashughulikiwa." Akasubiri, kwa sababu ni mtu wa heshima. Alipofika kortini, peke yake na bahasha yake ya kaki, wakili wa upande ule alisimama dakika chache tu. Sheria ya Kazi ya 2007 inakupa miaka 3 ya kushtaki, na ilikuwa imepita. Kesi ikatupwa. Mjomba alidhani imeahirishwa. Akamuuliza karani tarehe ya kurudi.

Jaji hakukosea, na hawezi kuwa jaji na wakili wa mtu kwa wakati mmoja. Lakini wakili yeyote angemwambia mapema: peleka kesi sasa, mazungumzo yaendelee kando.

"Si kuna mahakama za madai madogo?" Ziko, hadi shilingi milioni 1, na ni nzuri. Ila sheria yake ya 2016 inazikataza kesi za umiliki wa ardhi na za kazi. Sasa niambie, Kericho na Bomet watu wanapelekana kortini kwa nini hasa?

Mwaka huo huo wa 2016 tulipata pia Sheria ya Msaada wa Kisheria, na inataja kesi za madai waziwazi. Wengi hawajui. Shida ni kwamba lazima uombe, na bajeti ndiyo inaamua sheria itafika wapi.

Wanaopinga wanasema serikali itafilisika ikilipia kila ugomvi wa mpaka. Hoja hiyo ina uzito, siikatai. Lakini si lazima kila ugomvi. Afrika Kusini, mwaka 2001, mahakama ya madai ya ardhi ilisema wakazi wa mashambani wanaotishiwa kufukuzwa, na hawana uwezo, wapewe wakili kwa gharama ya serikali. Ni wakazi wa mashamba ya wenyewe, kama wale wanaoishi kwa nyumba za kampuni hapa. Mimi ningeanza na hao, halafu kazi, halafu watoto.

Kwa hivyo mgombea akija huku na "haki kwa wote", muulize: hata kesi za madai? Na umetenga pesa ngapi?